Pikapu Iliyokataa Kuinama

Juma lililopita niliwaacha Buyenzi, mimi nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, pikapu yangu imepandishwa juu ya mawe, na fundi Tajudini amelala chini yake anapiga mluzi. Kwa wale ambao gazeti lao lilifungiwa sambusa kabla hawajalisoma, nawarudishia kidogo.

Naitwa Mwavita. Ni mjane, nakaa Jabe, nauza ndizi. Zinatoka Ruziba kwa pikapu ambayo ni yangu mwenyewe. Siyo ya kanisa, siyo ya mkwe. Yangu. Mjukuu wangu Jordan ndiye anayeiendesha.

Jordan anampenda Dative, binti wa mzee Fortunat wa Ngagara. Fortunat ni mstaafu wa wizara, anafunga tai hata akienda kununua mkate.

Na Dative ana mimba. Tulioijua tulikuwa watatu: yeye, Jordan na mimi. Sasa na ninyi.

Musicheke. Dada yake mkubwa, Joëlla, alipata mimba akiwa bado nyumbani kwa Fortunat. Alitolewa nje na mfuko mmoja wa nguo, na mpaka leo jina lake halitajwi kwenye meza ile. Kwa hiyo dote, yaani mahari, ilitakiwa itoke haraka, tumbo la Dative likiwa bado linajua kudanganya.

Fortunat alikubali kutupokea. Lakini akaweka sharti.

"Siku hizi watu wanaleta bahasha wanasema ni ng'ombe," alisema. "Mi nataka ng'ombe yenye mukia."

Na katika ukoo wao, ng'ombe ni lazima aingie uwanjani kwa miguu yake mwenyewe, na baba wa binti ashike kamba kabla jua halijakaa nyuma ya milima. Ikishindikana, rudini mwaka ujao.

Mwaka ujao! Huyo mtoto angehudhuria dote ya mama yake anatembea, anaomba Fanta.

Ng'ombe nilimpata, mtamba mzuri, mweupe mwenye mabaka mekundu, kwa jamaa mmoja wa Ruziba. Shida ilikuwa gari.

Kwa kubeba ndizi tangu zamani, pikapu yangu ilikuwa imekaa nyuma kama mbwa anayejisaidia. Mbele inaangalia mbinguni, nyuma inaburuza. Vijana wa Jabe wakiniona wanapiga kelele: "Bibi, gari yako inataka kuenda choo!"

Mi nilivumilia. Makalio yangu mwenyewe yameshuka zamani na sijaona mtu akija na kriki ya kuyainua.

Lakini kumleta ng'ombe wa dote katika gari linalochuchumaa? Mbele ya mtu wa tai? Hapo ndipo nilipoenda Buyenzi nikamwambia Tajudini: "Nataka hii gari isimame. Isiiname mbele ya wakwe."

Tajudini akatoka chini ya gari, uso mweusi wa grisi, meno meupe.

"Mama Mwavita, shida iko kwa malame."

Malame ni zile bamba za chuma ndefu, zimelaliana chini ya gari kama watoto kwenye mkeka mmoja. Ndizo zinazobeba mzigo. Za kwangu zilikuwa zimechoka, zimenyooka kama rula ya mwalimu.

"Zipinde tena," nikasema.

"Kupinda ni dawa ya wamasikini. Mi nitakuwekea zingine." Akaburuza kitu kutoka nyuma ya banda, kikalia mpaka meno yakanisisimka. "Ona hizi. Zilitoka kwa kamio ya kubeba muchanga. Hizi hazijui kuinama."

Jordan akazitazama kwa muda. "Tajudini, hii ni pikapu. Si kamio. Haitakuwa ngumu sana?"

"Ngumu ndiyo uanaume, kijana."

"Tajudini," nikasema, "mwanaume mugumu ninamujua. Nilikaa naye nyumba moja. Alikuwa anarukaruka tu kila mahali, na muzigo habebi."

Banda zima likacheka. Jirani anayechomelea vyuma akazima moto wake ili acheke vizuri.

Tajudini hakujali. Akasema ataweka na amortisa mpya, yale mabomba yanayozuia gari lisiyumbe, marefu kuliko ya zamani. Na vile vyuma vinavyoning'iniza malame atavirefusha.

"Juu ya nini uvirefushe?" nikauliza.

"Mama, mi pia ni mutu wa kusindikiza. Niko kwa upande wenu siku ya dote. Unafikiri nitakubali nipate haya mbele ya watu wa Ngagara? Nimekwisha kuazima kositimu!"

Hapo ndipo nilipokosea. Fundi akikwisha kuazima kositimu, suti ya watu, hatengenezi tena gari lako. Anatengeneza sifa zake.

Akafungua, akafunga, akagonga, akatukana boloni, zile bolti zake, kwa Kirundi, na zile zilizokataa kabisa akazitukana kwa Kifaransa. Tukaishusha kutoka kwenye mawe.

Jamani. Ilisimama! Nyuma ilikuwa juu kuliko mbele, kama mbuzi anayetafuta mtu wa kumpiga pembe. Wanaume wa garaji wakaizunguka, wanachuchumaa, wanachungulia chini, wanasifu. Nikajiona mwanamke mkubwa.

Tukaenda kuijaribu. Dodani ya kwanza, lile tuta la barabarani, kichwa changu kikagonga paa. Ya pili, kilemba kikaanguka mapajani mwa Jordan. Mama mmoja kando ya njia akakumbatia beseni lake la nyanya akituona tunakuja.

"Jordan, endesha polepole!"

"Bibi, nimesimama! Ni gari inajichezesha yenyewe!"

Tajudini kule nyuma, mlangoni mwa garaji, anatupungia mkono. "Ni juu ya kukosa muzigo! Pakia ng'ombe, italala kama mutoto!"

Nikamwamini tena. Hiyo ndiyo shida ya kuwa mvumilivu: watu wanafikiri wewe ni jalala, kila mtu anakuja kukumwagia lake.

Siku ya dote tukaenda kwanza Ruziba. Kule ng'ombe hapandishwi kwa mbao. Unarudisha gari kinyumenyume mpaka kwenye ukingo wa shamba, pale udongo ulipo juu, naye anaingia tu kama mtu anayeingia chumbani kwake. Wetu akaingia hivyo. Akageuka, akajamba, tukafunga mlango wa nyuma, tukamshukuru Mungu.

Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kama Ngagara kuna ukingo.

Na nisimnyime Tajudini haki yake: ng'ombe akiwa ndani, gari haikurukaruka tena. Ila pia haikushuka. Hata kidogo. Ng'ombe alisimama kule juu kama mkuu anayetembelea wananchi, anapita, anaangalia, hasalimii.

Mbele tulikaa mimi, Jordan, na Uthmani. Uthmani ni fundi cherehani wa Jabe, jirani yangu, ndiye tuliyemchagua kuwa msemaji wetu. Kwenye dote bwana arusi hasemi, bibi yake hasemi, anasema msemaji. Uthmani anaweza kumwambia simba kwamba nyama imeisha, na simba akaenda zake akishukuru.

Tajudini alikuwa nyuma na ng'ombe, amesimama kwenye kona, anazuia kositimu isiguswe.

Uwanja wa Fortunat umezungukwa na ukuta. Watu wao walikuwa wamekwisha kukaa ndani, chini ya mahema, na mlangoni wamefunga upinde wa maua. Kwa hiyo gari isingeweza kuingia, tulisimama barabarani.

Kitu cha kwanza walichokiona cha kwetu si sisi. Ni kichwa cha ng'ombe juu ya ukuta, kinawachungulia kwenye sahani.

Mzee Rénovat, msemaji wao, akatoka na fimbo yake. Akatazama gari kutoka chini mpaka juu, polepole, kama mtu anayesoma kibao.

"Mumekuja kuomba, ao mumekuja kutukagua?"

"Tumekuja kuomba, muzee wangu," Uthmani akajibu, kofia mkononi.

"Muombaji anafika akiwa juu? Tangu nizaliwe, mutu wa kuomba binti anafika ameinama. Hii gari yenu inatuangalia kama watoto."

Nikaivuta imvutano yangu, lile vazi letu la kujitanda, mpaka kidevuni. Mila niliijua! Anayeomba anakuja chini. Anakaa viti vya chini, anasema kwa sauti ya chini. Na mimi nimelipa watu wainue gari.

Uthmani hakutikisika. "Muzee, gari haikuinuka kwa kiburi. Iko imebeba heshima ya binti yenu. Sasa heshima ya Dative, ungetaka tuiburuze kwa vumbi?"

Mahema yakapiga makofi. Fortunat, kwenye kiti chake, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, tai isije ikasogea.

"Bon," Rénovat akasema. "Mudomo munao. Sasa muteremushe ng'ombe tumuone miguu."

Tukafungua mlango wa nyuma.

Sakafu ya gari ilinifika kifuani. Ng'ombe akaja mpaka ukingoni, akatazama barabara kule chini, akanitazama mimi, akarudi nyuma. Sikumlaumu. Hata mimi nisingeshuka.

Tukatafuta mbao. Tulipozisimamisha zikawa kama ngazi ya kupandia paa. Tukampa chumvi. Tukampa majani ya ndizi. Jordan akavuta kamba. Ng'ombe akamvuta Jordan. Tajudini akasukuma kwa nyuma. Mkia ukampiga usoni, na mkia haukuwa msafi.

Rénovat akaletewa kiti pale barabarani. Akaketi. Akaagiza Primus.

"Musijali," akasema. "Muendelee tu. Nilikuwa sina programu ingine."

Wanawake wao wakatoka na simu zao, wakaanza kutupiga picha. Mmoja akauliza kama hii ni sehemu ya mila za Jabe. Uthmani akamwambia ndiyo, na bado hawajaona yote.

Jordan akapata wazo. "Turudishe gari, matairi ya nyuma yaingie kwa kaniva. Itashuka."

Kaniva, ule mfereji wa maji machafu kando ya barabara. Rénovat akaisikia na bia ikamkaba kooni.

"Apana! Ng'ombe ya dote itokee kwa kaniva? Kwani binti yetu tulimuokota kwa kaniva?"

"Kweli kabisa!" mahema yakajibu.

Jua lilikuwa limeanza kuegemea milima ya Congo. Fortunat akalitazama, kisha akatazama saa yake. Akanyoosha tai.

Jordan akanivuta pembeni.

"Bibi, wakisema mwaka ujao, tumekwisha. Mwezi kesho tumbo litaonekana. Atamutupa inje kama Joëlla."

"Najua. Nyamaza."

"Mi nitamuchukua tu, twende Jabe..."

"Na yeye unamujua? Umesikia vile anamulilia dada yake? Hataki kutoroka. Anataka baba yake. Nyamaza, nimesema."

Nikaenda kwa Tajudini. Alikuwa anafuta bega kwa kitambaa.

"We ndiye uliipandisha. Ishushe."

"Hapa? Na kositimu?"

"Hapa. Na kositimu."

"Mama, hiyo kositimu ni ya shemeji yangu..."

"Tajudini."

Akaingia. Akaweka kriki chini ya gari upande wa kulia, akalala chali barabarani mbele ya ukoo mzima wa Fortunat, miguu tu ndiyo inaonekana, na viatu vilivyopakwa rangi. Tukasikia boloni zinalia. Ng'ombe juu, fundi chini, na katikati yale malame yasiyojua kuinama.

"Inakuja!" akapiga kelele. "Upande mumoja unaachia! Mushike ng'ombe asi... He! Nini hii? Nani anamwaga maji?"

Hakuna aliyekuwa anamwaga maji.

"Ni ya moto!" Tajudini akalia. "Mama we! Ni ya moto!"

Akatoka chini ya gari kama panya aliyechomwa, analowa kuanzia kola. Mahema yalipasuka kwa kicheko. Nawaambia, wazee wa heshima walishikana mabega wasianguke. Hata Fortunat alilegeza tai.

"Muzee Rénovat," Uthmani akasema kwa sauti kubwa, "kwetu hiyo ni baraka."

"Kwa nani?"

"Kwa fundi."

Basi nikafikiri, wamecheka, mtu aliyecheka hawezi kukataa. Lakini Rénovat akajifuta machozi, akanyoosha fimbo kuelekea milimani.

"Tumecheka vizuri. Aksanti. Lakini sheria ni sheria. Jua likikaa, murudi nayo."

"Tajudini, rudi chini," nikasema.

"Mi? Chini ya ile? Mama, hata uniue."

Na kazi ilikuwa nusu. Boloni za upande mmoja zimefunguka, gari imeegemea kriki, inatetemeka kila ng'ombe anapohamisha mguu. Ng'ombe sasa macho meupe, anapumua kama mtu aliyepanda kilima. Jordan anavuta, anasukuma, karibu kulia.

Hapo Dative akatoka.

Kwa desturi binti anakaa ndani mpaka aitwe. Ataitwa, atatoka na shangazi zake, macho chini, atembee kama anahesabu sisimizi. Huyu alitoka mbio, peku, imvutano yake ameikunja kiunoni.

"Mupishe! Munamutisha!"

"Dative!" Fortunat akasimama. "Rudi ndani!"

"Papa, nyamaza kidogo, ng'ombe iko inasikia."

Nilisikia wanawake wao wakivuta pumzi wote pamoja. Sijui kama mtu alikuwa amewahi kumwambia Fortunat anyamaze, hata wizarani.

Lakini Dative alijua anachofanya. Likizo zake zote za utoto alizipitishia kwa bibi yake huko Mugamba, kwenye baridi, kati ya ng'ombe. Akakanyaga tairi, akapanda. Nikafumba macho nikayafumbua. Akaweka mkono chini ya shingo ya ng'ombe, akaanza kumwambia maneno ya Kirundi, maneno ya wafugaji, laini, na mengine nadhani alikuwa anayatunga palepale.

Masikio ya ng'ombe yakashuka. Pumzi ikapungua. Dative akapiga hatua moja kuelekea mlango wa nyuma, ng'ombe akapiga moja. Hata Rénovat aliweka chupa chini.

Nikaanza kutabasamu. Mimi mjinga.

Kriki ikatoa mlio kama wa mtu aliyechoka kudaiwa, ikaruka kutoka chini ya gari, ikavingirika mpaka kwenye kaniva.

Pikapu ikaanguka upande. Bum! Ng'ombe akayumba, Dative akarushwa, mguu mmoja nje, mkono mmoja kwenye pembe, na ukingo wa gari unakuja moja kwa moja kwenye tumbo lake.

Jamani, mimi nimevumilia mengi. Nimevumilia vita, nimevumilia mume, nimevumilia foleni ya mafuta. Lakini pale mdomo haukuniuliza.

"Dative!" nikapiga kelele. "Mutoto! Chunga mutoto!"

Akajikunja kwa nyuma, akaangukia goti, akashika ukingo kwa mikono miwili. Mzima. Hakugonga popote.

Ila muziki uliokuwa ukipigwa mahemani ulikuwa umezimwa. Sijui ni nani huwa anazima muziki wakati kama ule. Ungenisaidia.

Watu wote walikuwa wananitazama mimi. Simu zote pia.

Na ng'ombe? Upande ule wa gari sasa ulikuwa umeshuka karibu na barabara. Ng'ombe akatazama chini, akaona ni karibu, akashuka. Taratibu, mguu baada ya mguu, bila kusukumwa na mtu. Akapita chini ya upinde, akaingia uwanjani, akageuka, akaanza kula maua.

Hakuna aliyemwona isipokuwa Uthmani.

"Ameingia!" Uthmani akaruka. "Muzee Rénovat, ng'ombe ameingia! Kwa miguu yake! Jua bado liko! Muone, liko!"

Rénovat hakuliangalia hata jua. Alikuwa anamtazama Fortunat, na Fortunat alikuwa anakuja kwangu.

Alikuja polepole. Akasimama mbele yangu. Tai ilikuwa imerudi mahali pake.

"Mama Mwavita," akasema kwa heshima, na heshima ile ilinitisha kuliko fimbo. "Mutoto gani?"

Nilifikiria kusema ndama. Naapa, nilifikiria. Lakini ng'ombe mwenyewe alikuwa mtamba ambaye hajawahi kuonana na dume, na mtu wa wizara angejua.

Jordan akajiingiza katikati yetu. "Papa, ni mimi. Ni wangu. Munilaumu mimi..."

"Mi bado si papa yako."

Jordan akarudi nyuma kama aliyepigwa kofi. Mahemani watu wameacha kula. Ng'ombe tu ndiye anayetafuna.

"Papa."

Ni Dative. Alikuwa amesimama juu ya pikapu iliyoegama, miguu imeshikilia sakafu, mkono mmoja tumboni. Hakulificha tena tumbo hilo.

"Papa, Joëlla hukumuuliza kitu. Ulimufungulia mulango tu. Mi uniulize yote, nitakujibu yote. Lakini shika kamba kwanza."

Kamba ilikuwa inaburuzika kutoka shingoni mwa ng'ombe, chini ya upinde, mpaka mbele ya viatu vya Fortunat. Akaitazama. Akainama, yule mtu asiyeinama, akaiokota.

Nikasikia mwanamke mmoja wa kwao akianza kigelegele, kikafia njiani.

Maana Fortunat hakuelekea kwa ng'ombe. Alinigeukia mimi, kamba mkononi, akaninyooshea ile ncha.

"Pokea, mama. Rudisha ng'ombe yenu Jabe."

Nikiipokea, yameisha. Ng'ombe amerudi, dote imekataliwa, na Dative atalala wapi usiku ule? Nikaificha mikono yangu yote miwili nyuma, ndani ya imvutano, kama mtoto aliyeiba sukari.

"Pokea, mama."

"Sitaki."

"Nimekuambia pokea."

"Nami nimekuambia sitaki. Niko muzee, mikono inaniuma."

Uthmani akanisogelea mpaka nikasikia pumzi yake sikioni. "Usiguse," akanong'ona. "Ng'ombe iko ndani. Kamba iko kwa mukono yake. Jua likikaa hivi, ni sheria yao wenyewe, amepokea. Usiguse, mama Mwavita. Simama tu."

Kusimama tu! Ndiyo kazi ninayoijua duniani. Nikasimama.

Lakini Uthmani ni mtu wa kusema, hajui kunong'ona. Fortunat alisikia. Akageuza kichwa kuelekea milima ya Congo, ambako kipande cha jua kilichobaki ungeweza kukifunika kwa kidole gumba. Kisha akamtazama binti yake kule juu ya gari.

Dative naye akamtazama.

Na mimi niliyekuwa karibu kuliko wote nikaona vidole vya Fortunat, kimoja kimoja, vinaanza kufunguka. Kama ni kamba itakayoanguka kwanza au ni jua, njooni juma lijalo.